MWANAO KACHAGUA BIASHARA, UNALIA NINI?



Juzi baada ya swala ya Isha alinijia baba mmoja, mkononi ana karatasi kaikunja mara nne. Mtu mzima, mswalihina, safu ya mbele haimkosi. Akaninong'oneza: "Shehe, naomba unisaidie kuzungumza na kijana wangu. Kaharibikiwa." Moyo ukanienda mbio. Nikawaza bangi, nikawaza kamari za kwenye simu, nikawaza yale yote ambayo wazazi wanatuletea msikitini siku hizi usiku usiku. Nikamuuliza, "Amefanya nini?" Akakunjua ile karatasi. Ilikuwa fomu ya shule ya kuchagua mchepuo. Kijana amepita kidato cha pili kwa alama nzuri, anaingia cha tatu, na kwa mwandiko wake safi kabisa ameandika: BIASHARA.

Nikamwambia, mbona sioni kuharibikiwa hapa? Akaniangalia kama vile nimemtukana. Akasema: "Shehe, alama za sayansi anazo. Mimi nilishawaambia watu mwanangu atakuwa daktari. Sasa nitawaambia nini?"

Nitawaambia nini watu. Hilo ndilo lilikuwa linamliza. Sikumjibu vizuri usiku ule, nilikuwa nimechoka na yeye alikuwa na hasira. Leo namjibu hapa, na nawajibu wote walio kama yeye, kwa sababu najua ni wengi. Na nyinyi vijana mnaosoma hivi mkiwa mmeficha simu chini ya dawati, someni, lakini baadaye sikilizeni mwalimu.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu aibu hii imetoka wapi. Katika shule zetu nyingi kuna ngazi ambayo haikuandikwa popote lakini kila mtu anaijua. Wenye alama za juu wanapelekwa sayansi. Wanaofuata wanapelekwa sanaa. Wanaobaki wanaambiwa, "nyie nendeni biashara." Mpaka wanafunzi wenyewe kwa wenyewe wanaitana vilaza. Basi mzazi akisikia mtoto wake kachagua huko, anasikia kuwa mtoto kafeli, hata kama cheti kinasema kafaulu. Ngazi hii hakuishusha Jibrili. Ni watu wameitengeneza, na sisi Waislamu tumeibeba kichwani kama mzigo wa kuni bila kuuliza nani kaufunga.

Sasa nikuulize wewe unayemtaka mwanao awe daktari kwa ajili ya dini. Ni kweli, utabibu ni fardhi kifaya, mji wote ukikosa tabibu wote wana dhambi. Masheikh tunalisema hilo sana kwenye mimbari. Lakini je, umewahi kusikia tunalimaliza? Imam Ghazali katika Ihyaa Ulumid-Diin, pale anapoeleza elimu zisizo za sheria ambazo ni fardhi kifaya, anatoa mifano miwili. Wa kwanza ni tiba, kwa sababu miili inaihitaji. Wa pili ni hisabu, kwa sababu inahitajika katika miamala ya watu, na katika kugawa wasia na mirathi. Viwili, vimekaa bega kwa bega katika sehemu moja ya kitabu kimoja. Sisi tumeshika cha kwanza tukakivisha koti jeupe, cha pili tukakitupa jalalani na kukiita cha vilaza.

Nenda kwenye Qur'an yenyewe. Aya ndefu kuliko zote, ile ya 282 katika Suratul Baqara, haizungumzii swala wala Hijja. Inazungumzia deni na kuandika. Soma tafsiri yake leo kabla hujalala. Utaona humo amri ya kuandika mnapokopeshana kwa muda maalumu. Utaona kuwa mwandishi lazima aandike kwa uadilifu na asikatae kuandika, maana ni Allah aliyemfundisha. Utaona mdaiwa ndiye anayesomesha kinachoandikwa, na akiwa hana uwezo basi msimamizi wake anasema kwa niaba yake. Utaona mashahidi. Utaona watu wanakatazwa kuchoka kuandika, deni liwe dogo au kubwa, mpaka muda wake. Na mwisho mwisho utaona kuwa mwandishi na shahidi hawaruhusiwi kudhuriwa kwa kazi yao.

Huyo mwandishi, kazi yake leo inaitwaje? Inaitwa uhasibu. Mtu aliyekaa katikati ya watu wawili, hana upande, anaandika kilichotolewa na kilichopokelewa, tarehe na kiasi, ili kesho asitokee wa kusema "sikumbuki." Allah kamtaja katika aya ndefu kuliko zote. Halafu wewe unaona haya mwanao akiwa yeye.

Hapa naomba nieleze jambo ambalo linaniuma, na wanaonijua kwa karibu wanajua linaniuma kwa nini.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi wa msikiti mmoja. Sitautaja. Tulikuwa na mtunza hazina, mzee wa makamo, fundi cherehani, mtu wa haya sana. Hakusoma hesabu, tulimchagua kwa uchamungu wake tu. Alikuwa akipokea michango Ijumaa, anaiweka kwenye bahasha, anatangaza, anapeleka benki akipata nafasi, anawalipa mafundi, stakabadhi anazitia kwenye mfuko wa nailoni. Mwisho wa mwaka tukajumlisha matangazo yote: shilingi 11,200,000. Tukajumlisha stakabadhi za matumizi: 9,850,000. Benki hakuna kitu, bahasha tupu. Zimepungua 1,350,000.

Hakuna aliyesimama akasema "umeiba." Waislamu tuna adabu, hatusemi hivyo. Tulisema "tunaomba maelezo." Mzee akasema zote zimetumika. Tukasema "sawa," kwa ile sauti mnayoijua. Baada ya hapo salamu zikapungua. Watu wakawa wakipita kwenye kibanda chake cha kushonea wanatazama pembeni. Akajiuzulu. Akaanza kuswali msikiti wa mbali, anatembea na mguu wake mbovu. Mwaka haukuisha, akafariki.

Baada ya maziko watoto wake wakatuletea ule mfuko wa nailoni, wanataka ijulikane. Sisi wajumbe tukautazama tu, hakuna aliyejua aanzie wapi. Binti wa muadhini wetu, kidato cha nne, mchepuo wa biashara, ndiye aliyeomba apewe. Alichukua daftari la kawaida, akapiga mistari, upande mmoja kilichoingia, upande wa pili kilichotoka, kila kimoja na tarehe yake. Jioni tatu akamaliza. Akatuonyesha: shilingi 900,000 tulikuwa tumezihesabu mara mbili. Mzee alizitangaza siku ya Ijumaa alipozipokea, kisha akazitangaza tena alipozipeleka benki, na sisi tukaandika kana kwamba ni mchango mpya. Na 450,000 nyingine alimlipa fundi kwa awamu mbili, fundi akasaini nyuma ya karatasi ya kalenda ya zamani, ambayo hatukuihesabu kwa sababu haikuwa stakabadhi ya dukani. Jumlisha mwenyewe. Haikupotea shilingi moja.

Tulikwenda kwa watoto wake kuomba msamaha. Wametusamehe, Allah awalipe. Lakini mwenye haki yake yuko kaburini. Mimi sikumtuhumu kwa mdomo wangu. Mimi nilinyamaza, na nilipokuwa napita pale kibandani kwake na mimi nilitazama pembeni. Sasa uniambie mimi kwamba masomo ya binti yule ni ya waliofeli. Tuliofeli tulikuwa sisi, wajumbe saba wenye kanzu, ambao hatukujua kuwa kutangaza fedha na kupokea fedha ni vitu viwili.

Misikiti mingapi imegawanyika kwa mfuko wa nailoni kama ule? Madrasa ngapi? Familia ngapi zinashtakiana mahakamani baba hajamaliza arubaini, kwa sababu duka lilikuwa kichwani mwa marehemu, na kichwa kimezikwa nacho? Nani anamdai, nani anadaiwa, mtaji wa kaka ni upi na faida ni ipi, hajui mtu. Mirathi hairithiwi mpaka madeni yalipwe kwanza. Utalipaje madeni usiyoyajua? Tunajua fungu la mke na fungu la binti kwa moyo, lakini hatujui ni fungu la nini.

Sasa nakuja kwa ndugu zangu wa upande wa pili, maana kuna wengine hawaoni haya, wao wanaona haramu. Wameniandikia: "Shehe, masomo haya yanafundisha riba. Mtume (s.a.w.) amemlaani mla riba, na mlipaji, na mwandishi wake, na mashahidi wake wawili. Wewe unawapeleka vijana kuwa waandishi wa riba?"

Hoja hii siichezei. Hadithi hiyo ni sahihi, iko kwa Imam Muslim, na sitakulaghai kwa kuipunguza uzito. Ni kweli kuwa kwenye vitabu vya uhasibu mwanafunzi atakutana na mikopo ya benki, atakutana na hesabu za ubia ambazo mbia anapewa riba juu ya mtaji wake, ataambiwa apige hesabu hiyo na aandike jibu. Lakini laana imekuja kwa anayeiandika ikafungwa, watu wakalipana. Mwanafunzi wa darasani hajamfunga mtu. Daktari unayemtamani anasomea sumu, anajua kipimo cha kuua na dalili zake, na hakuna aliyesema ni muuaji. Yule anayejua riba ilivyo ndiye atakayeitambua ikija imevaa kanzu.

Na inakuja imevaa kanzu kweli. Chukua hii mikopo ya mitaani inayoitwa kausha damu, inayowakimbiza mama zetu kutoka majumbani mwao. Tuseme mama ameambiwa: chukua laki moja, lakini elfu kumi ni ada ya fomu inakatwa hapo hapo, na utarudisha 4,500 kila siku kwa siku thelathini. Yeye anasikia elfu nne na mia tano tu, anasema naweza, nauza vitumbua. Sasa mpe mtoto wa kidato cha tatu kalamu. Mama kapokea 90,000. Atarudisha 135,000. Kaongeza 45,000, yaani nusu ya alichopokea, kwa mwezi mmoja. Na haijaisha, maana anarudisha kila siku, kwa hiyo zile tisini hakukaa nazo mwezi mzima. Ukichukua wastani alikaa na kama elfu arubaini na tano tu. Kalipa arubaini na tano kwa kutumia arubaini na tano, kwa mwezi. Mia kwa mia. Na hakuna mahali kwenye fomu pameandikwa neno riba, pameandikwa "ada" na "marejesho."

Nani atamwambia mama huyo kabla hajaweka dole gumba? Mimi na khutba yangu ya Ijumaa? Mimi nitamwambia riba ni haramu, naye ataniitikia, kisha atakwenda kusaini kwa sababu hajui kuwa ile ndiyo riba yenyewe. Anayeweza kumwokoa ni binti yake aliyekaa mezani na kikokotoo.

Lakini nisikudanganye upande mwingine, ewe kijana. Kusoma nimekuruhusu kwa kifua kipana. Kazi ni jambo lingine. Ukimaliza, ukapata ajira ambayo asubuhi mpaka jioni unaandika mikataba ya riba na kupongezwa kwa wingi wake, usije kwangu kutafuta fatwa ya kukupaka mafuta. Hadithi ile itakuhusu. Milango mingine ipo na inaongezeka. Benki ya Amana imeanza hapa Tanzania mwaka 2011 kwa misingi ya sheria ya Kiislamu, wenzetu Kenya walikuwa na Gulf African Bank tangu 2008, na kule Bahrain kuna taasisi ya AAOIFI ambayo tangu 1991 kazi yake ni kutunga viwango vya uhasibu vya taasisi za Kiislamu, yaani namna ya kuandika murabaha, mudharaba na ijara kwenye vitabu. Viwango hivyo vinataka watu wa kuvitumia. Kila siku tunalalamika kuwa hizi benki "ni zile zile tu, wamebadilisha jina." Inawezekana baadhi ya miamala ni hivyo. Lakini nani katika sisi ameweza kuufungua muamala akatuonyesha ulipoharibika? Tunapiga kelele nje ya mlango kwa sababu ndani hatujui kusoma.

Na nje ya benki kuna hospitali, shule, viwanda, halmashauri, jumuiya zetu wenyewe, wakfu zetu ambazo nyingine zimepotea hivi hivi kwa sababu hakuna daftari linaloonyesha nyumba ya wakfu inapangishwa kwa kiasi gani na kodi inakwenda wapi.

Zaka je? Ramadhani ikifika wafanyabiashara wetu wanatoa "chochote." Anachukua noti, anaita masikini, mstari mrefu nje ya geti, picha zinapigwa. Nikimuuliza amehesabu, anasema, "Shehe, mimi natoa nyingi kuliko zaka yenyewe." Umejuaje, na hujahesabu? Zaka ya bidhaa za biashara ni asilimia mbili na nusu mwaka ukikamilika na nisabu ikitimia, na inahesabiwa kwa thamani ya mali siku hiyo. Chukua mwenye duka la vifaa vya ujenzi: bidhaa zina thamani ya milioni 48, fedha taslimu na za benki milioni 6, anawadai watu wanaolipika milioni 9. Hiyo ni milioni 63. Yeye anadaiwa na wauzaji wa jumla milioni 13. Hapa wanazuoni wamekhitalifiana. Wapo wanaosema anatoa deni kwanza, zinabaki milioni 50, zaka yake 1,250,000. Kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ya Imam Shafii ni kuwa deni halizuii zaka, basi anatoa kwenye 63, na ni 1,575,000. Fuata sheikh wako katika hilo, sigombani na mtu. Ninachosema ni hiki: kwa kauli yoyote utakayoshika, lazima mtu ahesabu bidhaa rafu kwa rafu, ajue thamani yake ya leo, na ajue deni lipi linalipika na lipi limekufa. Mambo hayo yote yanafundishwa kwenye mchepuo unaoudharau. Nguzo ya tatu ya Uislamu, kwa mfanyabiashara, haisimami bila daftari.

Nimeshamsikia anayesema: "Mimi sikusoma biashara, darasa la saba tu, na nina maduka matatu." Mashaallah, Allah akubariki. Na huyu mara nyingi ana sheikh wake anayemuunga mkono, anawaambia vijana waache shule waingie sokoni, kwa sababu Abdulrahman bin Auf (r.a.) alipofika Madina aliuliza soko liko wapi, hakuuliza shule. Kisa ni cha kweli. Aliuliza soko, akaenda, na siku hiyo hiyo akarudi na jibini kavu na samli. Lakini yule hakuwa mtoto wa miaka kumi na sita anayejaribu. Alikuwa mfanyabiashara wa Makka, mtoto wa watu wa misafara. Soko lilikuwa limeshamsomesha. Na soko hilo hilo la Madina, zama za Sayyidna Umar (r.a.), imepokewa kwa Tirmidhi kuwa hakutaka auze humo asiye na ufahamu wa dini. Yaani kulikuwa na masharti ya kuingia. Mheshimiwa mwenye maduka matatu, ulipoanza wewe mteja alikuwa jirani na daftari lilikuwa ukutani kwa chaki. Leo kuna mashine za kutoa risiti za kodi tangu 2010, kuna makadirio. Muulize afisa wa TRA akuonyeshe viwango vya wafanyabiashara wadogo: kuna safu ya anayetunza kumbukumbu na safu ya asiyetunza. Hao wawili hawatozwi sawa, na unaweza kukisia safu ipi inaumiza. Ukifika pale unasema "wananionea." Pengine. Na pengine unalipia ujinga wa kutokuandika, kila mwaka, miaka ishirini.

Tena wewe mwenye maduka ndiye ambaye ningetarajia umbusu mwanao kwenye paji la uso akichagua somo hili. Unataka nani ayarithi hayo maduka, daktari?

Watu wa visiwani watanielewa zaidi katika hili. Wazee wetu Unguja na Pemba walikuwa na mashamba ya karafuu ambayo dunia nzima iliyajua. Wengi wakaingia madeni, wakaweka mashamba rehani msimu baada ya msimu, mpaka miaka ya 1930 hali ikawa mbaya kiasi kwamba serikali ya kikoloni mwaka 1934 ililazimika kutunga sheria ya kuzuia ardhi isihamishwe kutoka mikononi mwa wenye mashamba. Sisemi sababu ni moja. Bei ya karafuu ilianguka, na siasa za ukoloni zilikuwamo. Lakini mwenye kuweka shamba rehani bila daftari lake mwenyewe anategemea daftari la mkopeshaji. Siku ya hesabu, linalofunguliwa ni hilo moja tu. Nani atabishana nalo, na kwa ushahidi gani? Swala walikuwa wanaswali. Kusoma Qur'an walikuwa wanasoma, na aya ya 282 wakiipita kila wanapohitimu juzuu ya tatu.

Nigeuke kwa vijana kidogo, msije mkadhani nimekuja kuwapigia makofi tu. Baadhi yenu mmechagua biashara kwa kuikimbia Hisabati. Nawajua, mmeniandikia wenyewe. Mmedanganywa. Hisabati mtaikuta pale pale mpaka kidato cha nne, na wanaoendelea na tahasusi ya uchumi, biashara na uhasibu kidato cha tano wanakutana nayo tena kwa jina la BAM. Anayekimbia namba akaingia uhasibu ni kama anayekimbia mvua akaingia kisimani. Kama umechagua kwa sababu rafiki yako kachagua, au kwa sababu umesikia ndiko kwenye hela za haraka, rudi ukafikiri. Safari ya uhasibu ni ndefu, mwisho wake kuna mitihani ya bodi, NBAA, ambayo wanaume wenye ndevu wanairudia mara tatu. Lakini kama umechagua kwa sababu namba zinakutulia kichwani, na kwa sababu ukiona duka unajiuliza linapataje faida, basi hicho ni kipaji, na kipaji ni amana, utaulizwa.

Mabinti hali kadhalika. Mama yetu Khadija (r.a.) alikuwa na misafara na akiajiri wanaume waende Sham kwa mali yake. Sina haja ya kuongeza.

Na wazazi wa watoto wadogo, habari zimeshawafikia: mtaala mpya ulioingia kidato cha kwanza mwaka 2025 umeweka Elimu ya Biashara kuwa somo la lazima. Kwa hiyo mwanao atalisoma, utake usitake. Kilichobaki ni kama atalisoma kwa nusu moyo kwa sababu nyumbani anasikia ni la vilaza, au atalisoma akijua lina sehemu yake katika dini yake. Hilo liko mikononi mwako, jioni, mezani, kwa maneno yako. Mpe kazi. Mwambie aandike matumizi ya nyumbani mwezi mmoja. Wengine mtaogopa atakachokikuta, najua.

Nimalizie na yule baba wa juzi, kwa kuwa najua unasoma ukurasa huu, ulishawahi kuniambia. Baba, sikukujibu vizuri usiku ule, nisamehe. Nimezungumza na kijana wako jana baada ya Alasiri, kama ulivyoniomba. Nilimuuliza kwa nini biashara. Akaniambia amekuona ukikaa kila mwisho wa mwezi na ile kaunta buku ya dukani, unajumlisha, unafuta, unajumlisha tena, kisha unaifunga unalala bila kula. Anataka kujua ilikuwa inakosea wapi.

Fomu yako uliisahau juu ya msala. Ninayo hapa. Yeye ameshaandika sehemu yake, imebaki saini ya mzazi. Inatakiwa shuleni Jumatatu, mimi nipo msikitini baada ya Magharibi.

Wassalaamu alaykum.